Rispa, Mke wa Nyumba ya Bibi Damaris

Mchungaji Mokaya alipohamishiwa Kegonga, wa kwanza kumkaribisha alikuwa Bibi Damaris, mjane mzee aliyemletea kuku na mkungu wa ndizi. "Pasta," akamwambia, "hapa kwetu huwezi kufa njaa. Kitakachokuua ni maneno ya wazee." Mokaya akacheka. Alitoka Kisii, na maneno ya wazee alikuwa ameyazoea.

Bibi Damaris hakukosa ibada. Alikuja na Rispa, mama wa watoto watatu, wakakaa wote benchi la pili upande wa dirishani. Mokaya alidhani Rispa ni mkwewe, mke wa mwana aliyefariki. Hakuna aliyemsahihisha, kwani kwa watu wa pale jambo lenyewe lilikuwa la kawaida mno hata halikuhitaji kuelezwa.

Lilijitokeza siku Rispa alipoomba kubatizwa. Mokaya aliketi na wazee wa kanisa, Bibi Damaris akiwapo, akamuuliza Rispa maswali ambayo huulizwa kila anayetaka ubatizo.

"Na mume wako, dada, aliitwa nani?"

Rispa akamwonyesha Bibi Damaris kwa kidevu. "Ni Mama huyu. Yeye ndiye alinioa."

Wazee wakatazama chini. Bibi Damaris hakuona aibu yoyote. "Usinielewe vibaya, mwanangu," akasema. "Si mambo ya kitanda. Mimi nilizaa wasichana watupu, wote wakaolewa. Mzee wangu akafa. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume hapa inazimwa, shamba linaenda kwa ndugu. Nikatoa ng'ombe wa mahari ya wasichana wangu, nikamwoa Rispa. Yeye akawa na rafiki yake, akazaa. Watoto wakachukua jina la marehemu. Nyumba ikasimama."

Mokaya aliijua desturi hiyo, maana hata kwao Gusii ipo. Lakini aliijua kama habari za mababu. Hakuwahi kuiona imekaa benchi la pili, imeshika kitabu cha nyimbo.

Wazee walipokutana, Mokaya alijaribu kuitetea nyumba ile. Akasema ndani ya Maandiko yupo mjane mzee ambaye mkwewe alijifungua, na majirani wakashangilia kwamba ni yeye mjane amepata mwana. "Majirani walielewa," akasema. "Sisi tunashindwa nini?"

Mwenyekiti wa wazee alikuwa Mzee Mirumbe, mtu mpole, aliyelichimba kaburi la mume wa Damaris kwa mikono yake. Akasema, "Pasta, mimi nilipookoka nilikuwa na wake wawili. Kanisa hili liliniambia nimrudishe mdogo kwao. Nilimpenda. Alilia mpaka akashikilia mlango. Nikamrudisha, kwa sababu ya Yesu. Leo mkimwambia Damaris hakuna shida, mimi mtaniambia nini? Kwamba mlinidanganya?"

Ikaamuliwa kwamba Rispa hatabatizwa, na Bibi Damaris hatashiriki Meza ya Bwana mpaka ndoa ile ivunjwe.

Akaenda Migori mjini kumwona askofu. Askofu alimsikiliza vizuri, akamwongezea chai mwenyewe. "Nakuelewa, ndugu yangu," akasema. "Lakini ndoa ni ya mume na mke. Na hao watoto wamezaliwa na mwanamume ambaye si mume wa mtu yeyote pale. Utaita nini hiyo? Ukifungua mlango huu, nani atakusaidia kuufunga?"

Jambo lililomuumiza Mokaya ni kwamba hakuweza kumpinga. Yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha vijana maneno hayo hayo, na aliyaamini. Njia nzima kurudi Kegonga alitafuta jambo moja ambalo askofu alikosea, asilipate. Wala hakuona kosa la Bibi Damaris.

Alipofika kwa mjane kumpa habari, alikuta zimeshafika. Bibi Damaris alikuwa anapukuchua mahindi.

"Nimemwachilia," akasema.

"Mama, hatukusema umfukuze. Angeweza kuendelea kukaa hapa kama—"

"Kama nani, Pasta? Mgeni? Nimemwambia aende. Ng'ombe sidai. Nataka Meza ya Bwana kabla sijafa."

Rispa alikuwa ameshaondoka na watoto, akaenda Awendo kuuzia wakata miwa uji na maharagwe.

Mokaya alimfuata huko. Alimkuta kwenye kibanda kando ya barabara, malori ya miwa yakipita na kuwafunika kwa vumbi. Akamwambia kwamba sasa hakuna kizuizi, kwamba mchungaji wa Awendo yuko tayari kumbatiza. Rispa aliendelea kukoroga uji.

"Mlitaka nisiwe mke wa ile nyumba," akasema. "Haya, sasa mimi si mke wa mtu. Watoto shuleni wanaulizwa baba yao nani, wanataja marehemu ambaye hawakumwona. Zamani hilo lilitosha. Sasa wananiuliza mimi kama ni uongo. Niwajibu nini, Pasta?"

"Sijui, dada," Mokaya akasema.

"Basi kunywa uji."

Akanywa. Rispa akakataa kulipwa.

Jumapili ya Meza ya Bwana, Bibi Damaris alijitokeza mbele akiwa amevaa nguo nyeupe. Mokaya alimpa mkate. "Asante, Pasta," mjane akanong'ona. "Nimetii." Uso wake ulikuwa na furaha ya kweli, na furaha hiyo ndiyo iliyomshinda Mokaya nguvu kabisa. Angeweza kustahimili machozi.

Msimu wa kulima ulipofika, shemeji zake Damaris walilima kipande cha juu cha shamba bila kumwuliza. Baadaye wakateremka mpaka karibu na jiko. Mokaya akaenda kwa chifu.

"Pasta, mtetezi wa lile shamba ni mtoto wa ile nyumba," chifu akasema. "Yuko wapi?"

Mokaya akaaga. Mtoto alikuwa Awendo, na kanisa ndilo lililomtoa kwenye nyumba ile.

Yeye bado ni mchungaji wa Kegonga. Anafundisha somo la ndoa takatifu kila mwaka, kama ratiba inavyotaka, na hulifundisha haraka. Mara nyingi yeye na mkewe Emmah humpelekea Bibi Damaris maji, kwa kuwa mtungi sasa unamshinda. Mzee Mirumbe naye hufika, na kuni begani. Huzitua kando ya mlango, huwasalimu, kisha wote hukaa wakizungumzia mvua.