Magauni Matatu ya Furaha

Juzi niliona tangazo la matembezi ya siku moja: asubuhi ndege inazunguka milima ya theluji, alasiri mahekalu ya kale. Wivu wa zamani ukanichoma.

Alasiri moja ya utoto wangu, mtaa wetu wote wa Kamalondo ulinuka mipira ya magari iliyochomwa. Rafiki yangu Furaha alisimama mlangoni kwao amevaa magauni matatu, moja juu ya jingine.

"Tunaenda kiwanja cha Luano, kupanda ndeke! Papa anasema tutaona milima, kisha mahekalu ya zamani. Weye utabakia na mavumbi!"

"Wende, usirudie!" nilimjibu.

Niliyaona magauni yale kuwa maringo. Sasa najua kina Furaha walikuwa wakikimbia ghasia, na kila mtu alibeba alichovaa tu.

"Muage mwenzako, mama," baba yake alinisihi.

Nilimgeuzia Furaha mgongo, nikalilia ndege yake.