Maneno Matano Nyuma ya Hundi

Saa nne asubuhi, kichwa cha pili cha siku kimeshakamilika, na Corliss Vanek anatandaza kitambaa cheusi cha kufunikia wateja juu ya meza ya jikoni. Safari hii si cha kuzuia nywele. Katikati yake anaweka hundi moja ya dola thelathini, anainyoosha kwa kidole gumba, kisha anaiinamia na simu mkononi.

"Kwenye meza nyeupe simu haioni karatasi inaishia wapi," anasema. "Inanigombeza kama mama mkwe."

Kabla ya kupiga picha ya pili anaigeuza hundi, anatia sahihi, na chini ya sahihi anaandika kwa herufi kubwa: YA KUWEKWA KWA SIMU TU. Anaandika polepole, midomo ikifuata kalamu.

"Andika haraka, Corliss, hufanyi mtihani," anamtania mwenye nyumba, Bi Lorna Pospisil, akijitazama nyuma ya kichwa kwa kioo cha mkono.

Corliss hacheki. Anasoma tena maneno yake matano, moja moja, ndipo anapiga picha.

Ana umri wa miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akitengeneza nywele za wazee majumbani mwao, hapa Tessler na mashamba ya jirani, magharibi mwa Nebraska. Ni watu ambao magoti yao hayapandi tena ngazi za saluni. Nyuma ya gari lake kuna draya, ndoo ya rola, na chupa za dawa zilizofungwa kwa taulo zisigongane.

Kwa siku hufanya vichwa vitano, theluji ikiruhusu. Akishatoa mafuta na dawa, mwezi humwachia kama dola elfu moja na mia tisa. Mgongo wake unauma, lakini daktari wa mgongo hayumo katika hesabu hiyo.

Wazee wake hulipa kwa hundi. Walilipia trekta kwa hundi, wakalipia harusi za watoto wao kwa hundi, na nywele hawataki kuzilipia kwa namna nyingine. Tawi la benki hapa mjini lilifungwa, na lililo karibu liko maili arobaini na sita. Ndiyo maana Corliss huipiga hundi picha kwa simu na kuituma benki, nayo huingiza hela kwenye akaunti yake.

Kwa miaka sita hakuwahi kuandika yale maneno matano. Benki iliyataka, yeye akatia sahihi tu, na hundi zake ndogo zikapita bila mtu kuuliza.

"Nilidhani ni maneno ya kupamba," anasema.

Mwaka jana, mwishoni mwa Agosti, mteja wake Bi Albina Kolar, mwenye miaka tisini na moja, alimwomba jambo lisilohusu nywele. Kwa miaka kumi na mmoja Albina na mdogo wake Ervin, aliyehamia Oregon, hawakuwa wamesemezana. Waligombana juu ya kuuza shamba la baba yao, na Albina ndiye aliyekata simu. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa amemwambia asipange mambo ya Krismasi.

Corliss ndiye aliyempigia Ervin. Mzee alisema atakuja, ila kwa sharti moja: tiketi ya ndege ainunue Albina. Hela ya nauli hakuikosa. Alitaka kuona dada yake, mwenye mkono mgumu kuliko watu wote wa wilaya, amefungua pochi kwa ajili yake. Hapo ndipo angejua kwamba amesamehewa.

Jumatano ile Albina aliandika hundi ya dola mia saba kwa jina la Corliss, maana yeye mwenyewe hakuwa na kadi. Ile saba peke yake ilichukua dakika nzima, na ikatoka imepinda.

"Mchagulie kiti cha dirishani," alimwambia. "Mtoto yule hulia asipoona nje." Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka themanini na minane.

Corliss alipiga picha saa nane mchana. Simu ikaandika kwamba imepokelewa, na namba mia saba ikatokea. Chini yake palikuwa na neno dogo la kijivu: inasubiri. Hakulisoma. Alimpigia Ervin kumwambia afunge mizigo, tiketi inakuja.

Alipojaribu kununua, kadi ilikataliwa. Hela zake mwenyewe zilikuwa dola mia mbili na kumi na mbili. Nauli ilikuwa mia sita na arobaini.

Hundi kubwa hutazamwa na jicho la mtu, na jicho hilo lilikuta mgongo wa hundi hauna maneno. Picha ikakataliwa. Corliss aliandika maneno yake na kuituma upya Alhamisi, saa kumi na mbili na robo jioni. Lakini benki yake huifunga siku saa kumi na moja. Picha inayofika baadaye huhesabiwa ya kesho, na hela hufunguka zitumike siku ya kazi inayofuata. Kesho ilikuwa Ijumaa. Baada yake Jumamosi, Jumapili, na ile Jumatatu ya kwanza ya Septemba ambayo taifa zima hupumzika kwa heshima ya wafanyakazi. Hela zingefunguka Jumanne.

Ijumaa Ervin alipiga simu kuuliza tiketi iko wapi. Corliss alimwambia benki imechelewesha.

"Benki," Ervin alisema. "Albina amebadili mawazo, basi anatafuta pa kujificha. Namjua." Akakata.

Albina naye aliuliza kila siku, na akapewa jibu lile lile. "Benki gani inalala siku nne?" alisema. "Hata dubu anayelala majira yote ya baridi huamka akakojoa."

Jumapili alitaka afanyiwe nywele, asionwe na mdogo wake kama kunguru aliyenyeshewa. Corliss alimwekea rola akiwa kitandani. Jumatatu alfajiri Albina alifariki.

Jumanne asubuhi hela zilifunguka. Corliss alinunua tiketi ya dirishani, na Ervin akaja mazikoni. Nywele za dada yake hazikuhitaji kuguswa tena.

Baada ya ibada, katika ukumbi wa chini ya kanisa, watu walipokuwa wakila tambi na kuku, mzee alimwuliza kama Albina kweli alikuwa ameandika ile hundi kwa mkono wake. Corliss alimwonyesha picha iliyobaki kwenye simu. Ervin aliitazama ile saba iliyopinda, akampigapiga mkono, akasema benki zote ni wezi wa siku.

Tangu hapo mji mzima humpa pole Corliss kwa sababu ya ile benki.

Mwezi wa Mei ana mpango wa kuendesha gari hadi Oregon. Ameshaweka kando dola mia nne. Anasema kuna jambo hataki kulisema kwa simu, na hajamwambia mtu yeyote, hata mumewe. Bi Lorna ametoka kuchukua barua. Corliss anaweka chanuo mezani.

"Ujumbe wa kukataliwa niliupata Alhamisi ile ile, saa nne asubuhi. Niliusoma wote, nikauelewa. Hundi ilikuwemo mkobani, na kalamu pia. Mchana nilikaa garini nusu saa nzima, nikala mkate wangu, nikasikiliza redio. Nilijisemea, jioni. Benki haikuchelewa. Ni mimi."