Barabara Iliyokosa Mitaro

Siku yangu ya kwanza kazini, katikati ya miaka ya sabini, nilifika yadi ya barabara nikiwa nimevaa viatu vilivyong'arishwa. Nilikuwa nimetoka Machakos majuzi tu, nikikaa jijini kwa mjomba, karibu na Soko la Burma. Nyapara wetu, Mzee Mutiso, aliviangalia vile viatu, akanipa beleshi.

"Ingia mtaroni," akasema. "Ukishajua maji yanataka kupita wapi, nitakufundisha barabara."

Tulitunza barabara ya udongo iliyotoka nyuma ya mtaa wa Mowlem kuteremka hadi mashambani, ng'ambo ya mto. Barabara kama hiyo huinuliwa mgongo katikati, ili maji ya mvua yashuke pande mbili mpaka mitaroni. Mitaro nayo huyapeleka kwenye kalvati, yaani mabomba ya saruji yanayoyapitisha chini ya njia. Mgongo ukilala, maji hukaa juu, na udongo wetu mweusi ukilowa, hata trekta huzama.

Mwanzoni greda ilipita kabla ya kila msimu wa mvua, ikiurudisha ule mgongo. Kisha kisu chake kikavunjika, na kingine hakikuletwa. Wenzetu walipostaafu, nafasi zao hazikujazwa. Bondeni, kalvati ikaanza kuziba kwa mchanga. Kila kiangazi Mutiso alimwendea Inspekta wa Barabara, nami nikimfuata.

"Bwana Inspekta, lile bomba halipitishi maji."

"Mvua iko wapi, Mutiso? Huoni jua hili?"

Mvua ikianza, anamrudia.

"Sasa nani atachimba kwenye matope? Ngoja pakauke kwanza."

Tuliishi hivyo hadi msimu mmoja wa masika, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Asubuhi hiyo lori la mbuzi lililokuwa likienda machinjioni Kiamaiko lilikwama juu ya kalvati ile ile. Maji yalikosa njia chini, yakapita juu. Mwenye mbuzi, Halake, tulimjua vizuri. Hakuwahi kutupita bila kututaja kwa majina. Alipanda nyuma ya lori akaanza kukata kamba, mbuzi wapate kuogelea.

"Halake, achana na mbuzi! Shuka!" Mutiso alipiga kelele.

"Wamebaki wachache tu, mzee!"

Ukingo wa barabara ukameguka, lori likalala ubavu. Dereva alitokea dirishani. Halake tulimpata jioni, amenaswa kwenye matete huko chini.

Kesho yake akaja Mhandisi, mkubwa wa Inspekta, amevaa buti mpya.

"Uharibifu ni kiasi gani?" akauliza.

"Mtu amekufa, bwana," Mutiso akajibu.

"Hilo nimeambiwa. Nauliza barabara."

Alipoondoka yule mkubwa, akaja mke wa Halake, akaomba aonyeshwe mahali penyewe. Alipaangalia, kisha akatugeukia. "Ninyi si ndio watu wa barabara?" Alituuliza kwa upole.

Kalvati haikubadilishwa. Ilimwagwa changarawe juu ya pengo, magari yakapita. Mvua iliyofuata iliizoa yote. Mwaka huo Mutiso alirudi kwao, nami nikafanywa nyapara. Nikawa namwendea Inspekta mpya kila kiangazi, naye akiniambia yale yale, kana kwamba aliachiwa maneno pamoja na kiti.

Vijana huniuliza kama najivunia kazi yangu. Mikono yangu haijawahi kuchoka kama nilivyochoka moyoni. Nilichimba, mchanga ukarudi; nikaomba, nikaambiwa ningoje; nikastaafu kabla ya bomba jipya kufika.

Baada ya hapo mji uliteremka hadi bondeni. Masika yaliyopita nilipita huko nikamkuta mama mmoja akichota maji chumbani mwake kwa sufuria, watoto wakiwa wameketi juu ya meza.

"Mzee," akaniuliza, "haya maji yana nini na nyumba yangu?"

Nilitazama mlango, nikatazama mteremko, nikamwonyesha kwa kidole mahali mtaro wetu ulipokuwa ukipita. Ulipita chini ya kitanda chake.