Baruti ya Mama

Ahimidiwe Mungu aliyeniamsha leo na akili zangu timamu, akaniachia macho ya kuona ninakokwenda na kumbukumbu ya nilikotoka. Kwa neema yake nakusimulia, msomaji wangu, jambo ambalo mpaka leo halijanitoka.

Juzi nilikuwa Mikumi kwa mjukuu wangu anayetembeza watalii mbugani. Baada ya chai akanionyesha kwenye simu yake mzungu mmoja mzee, amekaa mezani akijaza mwenyewe risasi za bastola kubwa.

"Ona, bibi. Anazipunguzia baruti ili bastola isimpige teke. Ni za mazoezi hizo."

Niliweka kikombe chini. "Mwambie ahakikishe ya kwanza imetoka ndipo apige ya pili."

"Bibi, hanisikii. Hiyo ni video."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Nililelewa kwenye milima ya Mamboya, nyumbani kwa wazazi wa mama. Baba alikuwa kwenye kazi ya reli Kidete na kurudi kwake kulikuwa kwa nadra, kwa hiyo shamba la bondeni lilikuwa mzigo wa mama. Tulikula kutoka humo: ugali, kunde, maboga ya kuchemsha yaliyotuunguza vidole kwa pupa yetu. Lakini mahindi yakianza kukomaa, nguruwe pori walishuka, na shamba lililoingiliwa na nguruwe kwa usiku mmoja lilikuwa njaa ya nyumba nzima mpaka mvua nyingine. Mlinzi wetu alikuwa mjomba, mdogo wake mama, na silaha yetu ilikuwa gobori la babu, bunduki ya kizamani inayojazwa kwa mdomo wa mtutu, lenye kibali cha serikali. Mwaka huo mjomba akapata kazi kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Kilosa. Gobori lingebaki bila bega, maana la babu lilikuwa limechoka. Ikabidi mama ajifunze kabla mjomba hajaondoka.

Somo la kwanza lilimwangusha chali kwenye maboga. Bega likavimba, likawa jeusi kama zambarau, akashindwa hata kuinua mchi.

"Baba, hiyo si bunduki," alimwambia babu. "Ni punda."

Babu akaamua kumtengenezea baruti ya upole, ya kuzoeshea bega. Nakumbuka alivyokaa kibarazani, mbali na moto, akipima baruti kwa kikombe cha pembe na kuifunga ndani ya maganda laini ya mahindi. Ya upole aliifunga fundo moja, ya kawaida mafundo mawili, kisha akapanga vifurushi kwenye ungo. Hakuna aliyeruhusiwa kusema naye akipima. Harufu ya baruti ile, kali kama yai bovu, nikiikumbuka naona na vidole vyake. Alikuwa na msemo: "Mshindo si ushahidi." Alitaka kila baada ya kupiga, fimbo ya kushindilia iingizwe kwenye mtutu, wajue kama ndani ni patupu. Sisi watoto tuliuimba msemo huo tukiruka kamba, bila kuuelewa.

Asubuhi ya somo la pili, ukungu ulikuwa haujaondoka mlimani. Babu alikuwa amekwenda kanisani kwenye sala za asubuhi, akamwachia mjomba ungo. Boga kuukuu liliwekwa juu ya kichuguu. Bibi alikaa kwenye mkeka akipukuchua kunde, lakini kunde zilikuwa zinamwagika nje ya ungo wake naye hazioni. Jirani aliyekuwa akipita na jembe begani akasimama.

"Leo mnapiga nguruwe, au mnawapikia uji?"

"Pita salama, shemeji," mama akamjibu. "Ukirudi usiku usipite shambani kwangu, nitakudhania mmoja wao."

Jirani akaenda zake akicheka. Mjomba akajaza gobori kwa kifurushi cha fundo moja; mama akaliinua, akafumba jicho moja, akapiga. Ulitoka mlio mdogo, kama mtu aliyepiga mto kwa kiganja, na moshi mwepesi. Mama hakutikisika. Alitugeukia uso wote ukiwa kicheko.

"Halijanigusa. Leo punda amelala."

"Uji kweli," mjomba akasema. "Dada, nguruwe atakuuliza unataka nini. Jaribu ya watu wazima."

Akachukua kifurushi cha mafundo mawili, akamimina, akatia risasi, akashindilia huku bado anacheka, akaweka fataki ya kuwashia. Mama akaegemeza shavu kwenye kitako. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kifyatulio.

"Vumbi liko wapi?"

Aliyeuliza ni bibi. Hakupaza sauti.

"Vumbi gani, mama?" mjomba akauliza.

"La risasi ya kwanza. Boga halikuguswa, kichuguu hakikutoa vumbi, nyuma yake pia sikuona kitu. Mwanangu, shusha hiyo bunduki."

Mama alishusha. Mjomba akatoa fataki, akaingiza fimbo kwenye mtutu. Babu alikuwa ameichonga fimbo hiyo alama ya mahali mdomo wa mtutu unapofika ukiwa na mzigo mmoja tu. Alama ilibaki juu, mbali sana na mdomo wa mtutu. Risasi ya kwanza ilikuwa imo bado, imekwama, na juu yake baruti kamili na risasi nyingine. Mtutu ule ungempasukia mama usoni. Mjomba alikaa chini palepale kwenye umande, akashika kichwa, na sikumbuki nani alinyamazisha kilio changu.

Babu aliporudi na kuelezwa, aliutazama ungo wake. "Ni mimi," akasema. "Nilipima ya upole, kisha nikaliona lile bega, nikapunguza tena kidogo."

Bibi alikuwa anatazama mkeka. "Na mimi nilifungua maganda yako ulipokwenda kuoga. Nilichota kidogo katika kila kifurushi cha fundo moja. Ni mtoto wangu pia."

Hawakugombana. Mama alilia, akawashika mikono wote wawili. Kisha akasema kwamba kuanzia siku hiyo, katika nyumba ile, hakuna atakayeongeza wala kupunguza kitu kimyakimya, hata kwa upendo. Atamke, na mwingine aitikie.

Mama alijifunza kwa baruti ya kawaida, kitambaa kimekunjwa begani, na mwaka ule tulivuna. Gobori lilisalimishwa serikalini zamani, na shamba la bondeni sasa ni nyumba za bati. Lakini agizo lile tulilishika mpaka jikoni. "Nimetia chumvi," ilisema sauti moja. "Tumesikia," ziliitika nyingine, bibi, mama, wadogo zangu, wote pamoja na moshi wa kuni.

Wengi wao wamelala kaburini. Hata leo nikipika husema kwa sauti, nimetia chumvi, kisha nasubiri kidogo kabla ya kufunika sufuria.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulinde na hatari usizoziona, na nyumbani kwako asikose mtu wa kukuitikia.