Mfupa Hauna Mjomba

Mpiga eksirei alishawaondoa vijana saba kwenye timu ya taifa ya chini ya miaka kumi na saba, na kila mara alilala fofofo. Cheti hudanganya, alizoea kusema, lakini mifupa ya kifundo cha mkono ikishaungana, mtu kakua.

Wa nane alikuwa kipa, mtoto wa dada yake. Dada alimpunguzia miaka mitatu alipomwandikisha shule, na shahidi aliyetia sahihi ni huyu huyu kaka mtu. Ukweli ungemtoa kijana kambini, na uongo ungemtoa yeye kazini. Akamlaza mkono mezani, akaukandamiza kwa mkono wake.

"Mjomba, unaniumiza."

"Nyamaza, utulie."

Nyuma ya ukuta msaidizi akabonyeza kitufe. Picha ikatoka na mikono miwili.

"Huu wa pili wa nani?" aliuliza daktari wa timu.

"Wangu, daktari. Nilisahau kuutoa."

"Utoe, bwana. Wewe huchezi."

Picha ya pili ilitoka safi. Mifupa ilikuwa imeungana yote. Daktari akamsogezea fomu na kalamu.

"Haya, tia sahihi. Si umezoea?"