Binti wa Kwenye Gemu na Kichwa Changu Mimi

Jamani, leo bibi muuza ndizi kanifunga mdomo mbele ya wanafunzi wangu!

Tulikuwa stendi ya Nyakanazi tunasubiri basi. Vijana wangu wakawa wanacheza gemu kwenye simu. Kuna binti shujaa anayerefusha kichwa, kisha anapenya kwenye nondo za dirisha.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Ningenyamazaje?

"Uongo huo," nikawaambia. "Fuvu ni mfupa. Haliwezi kubonyea halafu likarudi."

Bibi aliyekuwa anachoma ndizi pembeni akacheka.

"Shikamoo bibi. Nimekosea?"

"Marahaba. Wewe si mtoto wa Anastazia wa Kanazi?"

Nikashtuka. "Ndiye."

"Mama yako nilimzalisha mimi. Ulitoka na kichwa kirefu kama papai. Baada ya siku chache kikawa duara. Hilo halikuwa fuvu?"

Vijana walipiga kelele, stendi nzima ikageuka!

Mtu mzima bado hapenyi kwenye nondo, lakini nani angenisikiliza tena?

Nimempigia mama. Nilipomtajia yule bibi, akasema: "Nililia sana siku ile. Yeye ndiye aliyeniambia, subiri, kitarudi."

Walimu wa baiolojia, mlikuwa wapi siku zote?