Mwenye A Aliyeomba Kurudia

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la taaluma, katika chuo kimoja cha mifugo hapa Mwanza. Mbele yangu alisimama binti wa mwaka wa mwisho.

“Shikamoo, mama. Naomba kurudia somo la kuzalisha mifugo.”

“Marahaba.” Karani akafungua kompyuta, akasogeza miwani. “Mbona una A? Wanaorudia ni waliofeli.”

“Najua, mama. Nilikariri tu. Wiki iliyopita, nikiwa mazoezini kule Buhongwa, nilishindwa kumgeuza ndama aliyekaa vibaya tumboni. Akafa. Mwenye ng’ombe akaniuliza, ‘Mwanangu, kwani hamkufundishwa?’”

Alisema hayo akiangalia viganja vyake.

Karani alisema fomu ya mwenye A kurudia haipo, kisha akanyanyua simu kumwita mwalimu wa somo. Mwalimu alikuja, akasikiliza, akakuna kichwa.

“Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, njoo na buti. Tutazunguka kwa wafugaji mpaka mkono wako uzoee. Lakini matokeo hayatabadilika.”

“Sijaja kwa ajili ya matokeo, mwalimu,” alijibu binti, akaondoka akijifuta machozi.

Tumezoea kumuuliza mtoto amepata ngapi. Ni nadra kumuuliza anaweza kufanya nini. Zamu yangu ilipofika, karani aliniuliza shida yangu. Nilikuwa nimekwenda kuomba maksi za mwanangu ziangaliwe upya, huenda C yake ikawa B.

Nikamwambia nilikuwa napita tu.